Kukata sawa si kubeba sawa

Swali la msomaji: "Mimi ni mhasibu serikalini. Uchumi umeyumba, makusanyo yameporomoka, na umekuja waraka kwamba kila wizara ipunguze bajeti yake kwa asilimia 10 bila kuchagua. Kwangu hiyo ni haki tupu: shida ni ya wote, basi wote tupunguziwe sawa. Mke wangu ni muuguzi. Anasema hapo hakuna haki yoyote, ila nikimwomba anieleze kwa nini, ananiambia niende nikaone wodi. Nani kati yetu yuko sahihi? Na kama si asilimia sawa, kipimo cha haki ni kipi?"

Ndugu yangu, mkeo yuko sahihi. Wodi utakwenda kuiona baadaye. Kwanza tuzungumze kwa hesabu, maana hiyo ndiyo lugha yetu mimi na wewe.

Tuchukue wizara mbili za mfano, kila moja ina bajeti ya 100. Ya kwanza ni ya huduma, tuseme afya. Mishahara ya madaktari, wauguzi na wahudumu inachukua 65. Nyingine 10 ni mikataba iliyokwisha kusainiwa pamoja na madeni ya wazabuni. Zinabaki 25, na humo ndimo zinamotoka dawa, glavu, vitendanishi vya maabara, mafuta ya gari la wagonjwa, umeme na matengenezo. Wizara ya pili ina watumishi wachache. Mishahara yake ni 25 tu, na 75 zilizobaki ni safari, semina, magari na washauri elekezi. Waraka unataka kila moja itoe 10. Mshahara haukatwi kwa waraka, unalindwa na sheria ya utumishi, kwa hiyo zile 10 lazima zitoke kwenye kilichobaki. Wizara ya pili inatoa 10 katika 75, kama asilimia 13 hivi. Wizara ya kwanza inatoa 10 katika 25, na hiyo ni asilimia 40. Huku imefutwa semina moja katika kila saba au nane, kule vimeondoka vichupa vinne vya dawa katika kila kumi. Waraka ni ule ule, tarakimu ni ile ile.

Niliwahi kukaa kwenye meza ya namna hiyo nikiwa ofisa mdogo wa bajeti, katika idara ambayo nitaiacha bila jina. Jedwali lilikuwa ukutani, tunashuka kasma moja baada ya nyingine, yaani mstari mmoja mmoja wa matumizi, saa mbili usiku, chai imekwisha. Kasma ya safari ilibishaniwa karibu saa nzima kwa sababu kila aliyekuwapo alikuwa na safari yake. Ya matengenezo ilipita kwa dakika mbili, kwani paa halina mwakilishi kikaoni. Tukafika kwenye vitendanishi. Mtu mmoja akauliza, "Hivi ni vitu gani?" Akajibiwa ni dawa za kupimia damu na mkojo. Akasema, "Kumbe si dawa zenyewe." Ikakatwa, tukaenda kasma iliyofuata.

Miezi mitatu baadaye nilipelekwa kukagua. Mashine ya kupimia ilikuwapo, imefunikwa kitambaa. Mtaalamu wa maabara alikuwapo, na mshahara wake umeingia tarehe ile ile ya kila mwezi. Kazi haikuwapo. Mgonjwa alikuwa anapewa kikaratasi aende akapime nje kwa fedha yake, arudi na majibu. Aliyekuwa na fedha alirudi siku hiyo hiyo. Asiyekuwa nayo alichukua kikaratasi, akashukuru, akaondoka, na hakuna daftari lililoandika kwamba hakurudi. Kwenye taarifa yetu ya robo mwaka tuliandika "akiba iliyopatikana". Niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Tangu siku ile sijaamini tena neno "akiba" kwenye kikao cha kupunguza bajeti mpaka nijue kilichokatwa kimekwenda wapi. Kwa sababu gharama ya huduma ikitolewa kwenye vitabu vya serikali, mara nyingi haifi. Inahama. Inahamia mfukoni mwa mgonjwa, kwenye mgongo wa mwanamke anayebaki nyumbani kumuuguza mtu aliyeruhusiwa mapema, kwenye bajeti ya halmashauri, au kwenye mwaka wa sita kutoka sasa barabara itakapokuwa imekufa kabisa. Wewe unauliza nani kakatwa kiasi gani. Mimi nakushauri uulize mzigo umetua kwa nani.

Hili la kuhamisha tumelishuhudia kwa upana wake. Katika programu za marekebisho ya uchumi za miaka ya 1980 na 1990, nchi nyingi za Afrika zilianza kutoza ada kwenye zahanati na shule ili kupunguza nakisi, lile pengo la matumizi kuzidi mapato. Kwetu ziliitwa kwa jina la upole, "kuchangia gharama", kana kwamba ni harambee. Ukubwa wa mzigo ule ulikuja kuonekana siku ulipoondolewa. Kenya ilipofuta ada za shule za msingi Januari 2003, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Uganda ilipofuta malipo kwenye vituo vya afya vya serikali mwaka 2001, mahudhurio yalipanda, na yalipanda zaidi kwa maskini. Wale watoto milioni moja na ushee ndio waliokuwa wamelipia sehemu ya nakisi kwa miaka yote ile, na hakuna kitabu cha bajeti kilichowahi kuwataja.

Sasa tuje kwenye asilimia sawa kwa watu, maana najua utasema: sawa, wizara zinatofautiana, lakini mishahara je? Hapo si kila mtu akatwe 10?

Mtu anayetumia kipato chake chote kwa chakula, kodi ya nyumba na nauli, ukimkata moja ya kumi umemwambia achague mlo wa kuacha. Mwenye kubakiwa na fedha kila mwezi, ukimkata moja ya kumi, umepunguza anachoweka benki. Hilo unalijua. Lakini wanaopanga makato ni hao wa kundi la pili, na wahenga walishaona tatizo lenyewe: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mfano ninaoupenda ni wa Uingereza mwaka 1931, labda kwa sababu ni wa shilingi na mtu wa Kiswahili anauelewa bila kutafsiriwa. Mdororo mkuu ulikuwa umekausha hazina, na serikali ya chama cha Labour ilivunjika Agosti kwa kushindwa kuafikiana kuhusu kupunguza posho ya wasio na kazi kwa asilimia 10. Serikali ya mseto iliyofuata ikakata karibu kila mahali, jeshi la majini likiwamo. Baharia wa kawaida aliyekuwa kwenye viwango vya zamani vya mshahara alilipwa shilingi 4 kwa siku. Ikaamuliwa alipwe 3, yaani robo ya mshahara imekwenda, wakati maofisa walikatwa kwa asilimia ndogo kuliko hiyo. Wengi walizipata habari hizo magazetini kabla ya kuambiwa rasmi. Mabaharia wakakaa wakapiga hesabu: kodi ya nyumba kiasi gani, mke anatumiwa kiasi gani, kinabaki nini. Tarehe 15 Septemba, kwenye bandari ya Invergordon huko Scotland, wakagoma kung'oa nanga. Serikali ikarudi nyuma, makato yakawekewa kikomo cha asilimia 10. Lakini habari kwamba manowari za Uingereza zimegoma ilikuwa imeshawafikia wenye mitaji, wakazidi kuikimbia pauni, na tarehe 21 Septemba nchi ikaachana na kipimo cha dhahabu, yaani utaratibu wa kuifunga thamani ya pauni kwenye dhahabu, kitu ambacho makato yote yale yalikusudiwa kukilinda. Mgawanyo mbaya wa mzigo huwa na gharama yake, na wakati mwingine gharama hiyo inazidi fedha iliyokuwa inatafutwa.

Njia nyingine ipo, na wahasibu wenzako wa Ireland waliipigia hesabu. Kuanzia Januari 2010 mishahara ya watumishi wa umma kule ilikatwa kwa ngazi: asilimia 5 kwenye euro 30,000 za kwanza, asilimia 7.5 kwenye 40,000 zinazofuata, asilimia 10 kwenye 55,000 zinazofuata. Piga mwenyewe. Wa euro 30,000 kwa mwaka alipoteza 1,500, asilimia 5. Wa 70,000 alipoteza 4,500, kama asilimia 6.4. Wa 125,000 alipoteza 10,000, asilimia 8 kamili. Juu ya hapo makato yalizidi kupanda. Wakubwa waliumia pia, na waliumia hadharani, jambo lililosaidia miezi michache baadaye serikali na vyama vya wafanyakazi vilipokaa wakakubaliana: mishahara haitakatwa tena, hakuna atakayefukuzwa kwa lazima, na wafanyakazi nao watakubali kubadili namna ya kufanya kazi.

Nisiwapambe sana lakini. Serikali hiyo hiyo, Oktoba 2008, ilitangaza kwamba wenye umri wa zaidi ya miaka 70 hawatapata tena kadi ya matibabu ya bure bila kuangaliwa kipato. Wazee wakafurika mbele ya bunge la Dublin, na serikali ikalegeza masharti kwa haraka. Februari 2011 kima cha chini cha mshahara kilishushwa kutoka euro 8.65 hadi 7.65 kwa saa, serikali mpya ikakirudisha Julai. Na wakati wote huo benki zilizoanguka zilikuwa zinaokolewa kwa fedha za umma zilizofikia takriban euro bilioni 64. Mwananchi anayeona vitu vyote viwili kwenye gazeti moja hatakusikiliza ukimwambia kuhusu ngazi zako nzuri za makato.

Ureno wana kisa ambacho kila mtu anayepanga makato angepaswa kukijua. Mwaka 2011 nchi ilichukua mkopo wa uokoaji wa euro bilioni 78. Kule mwaka wa malipo una miezi 14: kuna mshahara wa ziada wa likizo na mwingine wa Krismasi. Bajeti ya 2012 ikaifuta miwili hiyo kwa watumishi wa umma na wastaafu waliozidi kiwango fulani cha kipato. Julai 2012 Mahakama ya Katiba ikasema hilo linavunja usawa. Nakisi ni ya taifa zima, na wanaolipwa na serikali hawawezi kubebeshwa peke yao kwa sababu tu wao ndio rahisi kuwafikia. Mahakama ikauacha mwaka ule upite kwa kuwa ulikuwa umeshafika nusu, ila mbele ikafunga mlango.

Serikali ikatafuta njia nyingine, na Septemba ikaja na hii: mchango wa mfanyakazi kwenye hifadhi ya jamii upande kutoka asilimia 11 hadi 18, na wa mwajiri ushuke kutoka 23.75 hadi 18. Wachumi walikuwa na hoja yao, kwamba ajira zingekuwa nafuu na bidhaa za Ureno zingeuzika nje. Lakini angalia zile namba mbili zikiwa pamoja. Moja inapanda, nyingine inashuka, zinakutana katikati. Kwa mara ya kwanza mtu asiyejua bajeti hata kidogo aliweza kuuona mzigo ukitoka kwenye bega moja na kuwekwa kwenye jingine. Tarehe 15 Septemba watu walijaa mitaani katika miji mingi, na katika siku chache pendekezo likaondolewa. Makato mengine mengi yalipita kabla na baada, pengine kwa sababu njia ya mzigo haikuonekana wazi namna hiyo.

Latvia nako, mwaka ule mbaya wa 2009, pensheni zilikatwa kwa asilimia 10, na kwa wastaafu waliokuwa bado wanafanya kazi kwa asilimia 70. Disemba Mahakama ya Katiba ikabatilisha, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba watunga sheria hawakuchunguza vya kutosha kama kulikuwa na njia isiyoumiza kiasi hicho. Fedha ikabidi zirudishwe. Waraka wa haraka haraka unaweza kukurudia na bili.

Ni haki pia nikutetee kidogo. Kanuni yako ya asilimia sawa ina faida moja kubwa ambayo watu wa vyuo vikuu huisahau: inafunga milango ya kuombeana. Ukishaanza kusamehe huyu na yule, atakayesamehewa ni mwenye simu ya mkubwa, na zahanati haina namba ya mtu. Nimekaa vikao vya kutosha kujua hilo. Kama serikali ina wiki mbili na haina takwimu za kuaminika, kukata sawa kwa miezi michache kunaweza kuwa ubaya mdogo. Tatizo ni pale hatua ya dharura inapogeuzwa kuwa sera ya miaka mitatu.

Wakanada walijaribu kutoka hapo. Katikati ya miaka ya 1990, chini ya waziri wa fedha Paul Martin, badala ya kumkata kila mtu sawa, kila programu ilipitishwa kwenye maswali: je, ina manufaa kwa umma? Ni kazi ya serikali kweli, au ya ngazi nyingine, au ya sekta binafsi? Tukiibakiza, fedha zipo? Wizara ya uchukuzi ikapoteza karibu nusu ya bajeti yake, nyingine zikaguswa kidogo tu, na kufikia mwaka wa fedha wa 1997/98 nakisi ilikuwa imekwisha. Husifiwa sana kwa hilo, na wanastahili. Waliosifu hawakutaja kila mara kwamba sehemu nzuri ya nafuu ilipatikana kwa kupunguza ruzuku kwa majimbo, ambayo ndiyo yanayoendesha hospitali na vyuo, na baadhi ya majimbo yakausukuma mzigo kwa miji. Pia jirani yao Marekani alikuwa anakua kwa kasi na kununua bidhaa zao. Kubana matumizi mwenzako akiwa na fedha ni rahisi. Wote mkibana kwa pamoja, hakuna wa kumuuzia.

Uingereza baada ya 2010 ilirudia kosa la ruzuku kwa namna iliyofanana kabisa na waraka wako. Ruzuku kutoka serikali kuu kwenda halmashauri zilipunguzwa sana. Halmashauri za maeneo tajiri zilikuwa na kodi zao za majengo za kutosha, ruzuku kwao ilikuwa nyongeza. Za maeneo maskini ziliishi kwa ruzuku. Kwa hiyo palipokuwa na uhitaji mkubwa ndipo pengo lilipokuwa kubwa, bila mtu yeyote kuandika popote kwamba maskini wakatwe zaidi.

Si kila makato yanamwumiza maskini, nisije nikaeleweka hivyo. Ruzuku ya mafuta ni mfano wa wazi. Wataalamu wa Shirika la Fedha la Kimataifa walikokotoa kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, asilimia 20 ya kaya tajiri zaidi hupata kama asilimia 43 ya ruzuku hiyo, na asilimia 20 maskini zaidi hupata kama 7. Anayejaza tangi ndiye anayeifaidi. Hata hivyo ukiiondoa ghafla, nauli inapanda kesho asubuhi, na yule wa asilimia 7 ndiye asiye na pa kukwepea. Iran walilifikiria hili kabla ya Disemba 2010. Walifungua akaunti za kaya, wakaweka fedha humo mapema, watu wakawa wanaziona lakini hawawezi kuzitoa mpaka siku bei mpya zilipoanza. Fidia ikatangulia, maumivu yakafuata. Mfumuko wa bei ulikuja kuila fidia ile baadaye, na hilo nalo ni funzo: fidia isiyopandishwa kadiri bei zinavyopanda inakufa polepole.

Kuna upande ambao waraka wako haukuugusa kabisa, nao ni mapato. Mtu akisema "tugawane mzigo" halafu mezani ameleta matumizi peke yake, ameshachagua nani abebe, kwa sababu anayetegemea huduma za umma ni yule asiyeweza kujinunulia. Msamaha wa kodi aliopewa mwekezaji kwa miaka 10 ni matumizi pia, ila hauna kasma, haujadiliwi saa mbili usiku, na hakuna anayeukata kwa asilimia 10. Sweden ilipokuwa na nakisi ya kutisha baada ya mgogoro wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, Göran Persson, waziri wa fedha kuanzia 1994, alipitisha mpango ambao takriban nusu yake ilikuwa kuongeza mapato na nusu kupunguza matumizi. Posho ya mtoto ilishushwa mwaka 1996 kutoka krona 750 hadi 640 kwa mwezi, na mwaka 1998 ikarudishwa 750. Wenye kipato kikubwa waliongezewa kodi ya asilimia 5 mwaka 1995, ikaitwa ya muda. Ilifutwa mwaka 2020. Neno "muda" lilikuwa na urefu tofauti kwa mtoto na kwa mwenye mshahara mnono, na safari hii lilikuwa refu upande usiozoeleka.

Uingereza ilifanya kinyume: kodi ya ongezeko la thamani, inayomkuta kila mnunuzi, ikapanda kutoka asilimia 17.5 hadi 20 Januari 2011, na kiwango cha juu cha kodi ya mapato kikashushwa kutoka 50 hadi 45 Aprili 2013, kabla makato ya huduma hayajaisha. Kuhusu wakopeshaji nitasema moja tu. Wenye hati fungani za Ugiriki, yaani walioikopesha serikali yake, walikubali kupoteza asilimia 53.5 ya thamani ya hati zao Machi 2012, karibu miaka miwili baada ya wastaafu kuanza kukatwa.

Nimalizie hesabu. Mzigo haugawanywi tu, unaweza pia kunenepa ukiwa njiani. Serikali ikikata 1, aliyekuwa analipwa ile 1 naye hanunui, muuzaji wake hauzi, na kodi ya muuzaji haiji. Ulaya ilipoanza kubana baada ya 2010, watabiri walionekana kukadiria kwamba kila 1 inayokatwa ingepunguza uchumi kwa kama 0.5. Mwaka 2012 na 2013 Olivier Blanchard, mchumi mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, alikiri kwa maandishi pamoja na mwenzake kwamba madhara halisi yalikuwa makubwa zaidi, kati ya 0.9 na 1.7. Kwa Ugiriki, ambako uchumi ulisinyaa kwa kama robo na ukosefu wa ajira ukapita asilimia 27, ungamo hilo lilichelewa. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa kimeshakatwa Februari 2012 kwa asilimia 22, na kwa walio chini ya miaka 25 kwa asilimia 32. Kijana ambaye hata hakuwa na umri wa kupiga kura deni lile lilipokopwa ndiye aliyekatwa zaidi.

Kwa hiyo kipimo cha haki ulichoniuliza ni hiki, na unaweza kukitumia kesho kazini. Chukua lile jedwali lako. Najua lina safu ya kasma, ya kiasi kilichoidhinishwa, ya kiasi kinachokatwa na ya kiasi kinachobaki. Ongeza safu mbili. Ya kwanza: "Gharama hii inahamia kwa nani?" Usikubali jibu "hakuna" mpaka mtu akuthibitishie kwamba kazi yenyewe imekoma na hakuna aliyekuwa anaihitaji. Kuna kasma zitapita kihalali kabisa, na nyingi ya zile 75 za wizara ya semina zitakuwa hapo. Ya pili: "Inarudishwa lini, na kabla ya ipi?" Nimeona uchumi ukipona na magari mapya yakirudi kabla ya vitendanishi.

Kwenye kasma za afya usijaze peke yako. Mpelekee mkeo jedwali jioni, kabla hajachoka, umsomee kasma moja moja na kumwandikia majibu. Mwulize glavu zikiisha katikati ya mwezi wanafanyaje, na nani anatumwa kuzinunua.